Ala Haiulizwi Ilikotoka: Jawabu kwa Wanaoikataa Tabla

Kila ifikapo tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitenga mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, sisi walimu wa lugha hii katika Wilaya ya Rusizi hukabiliwa na swali ambalo halimo katika mtaala wowote: wanafunzi watakapopanda jukwaani kughani na kuimba, wasindikizwe na ala gani? Swali lenyewe ni dogo. Majibu yanayotolewa ndiyo makubwa, na baadhi yake yana hatari ndani yake.

Wako wenzetu wasemao kwamba taarabu isipandishwe jukwaani, kwa kuwa tabla na kinanda chake cha mvukuto ni mali ya Wahindi, na Kiswahili, kwa kuwa ni lugha ya Kiafrika, kivikwe ngoma tupu. Wako wengine, upande wa pili, wasemao kwamba ngoma na inanga ni mali ya Kinyarwanda, hivyo zisichanganywe na lugha iliyotoka pwani. Kundi la kwanza lawafukuza Wahindi. Kundi la pili latufukuza sisi. Makundi haya hujidhani kuwa yanapingana. Sisi twasema ni ndugu wa tumbo moja, maana yote mawili huuliza ala ilitoka wapi kabla ya kuuliza inafanya kazi gani, na ni nani anayeifundisha.

Tunakusudia kuonyesha hapa kwamba ala ni mali ya yule anayejifunza kuipiga, akaipiga vyema, akamfundisha mwingine. Na kwamba kinachoiua ala si jirani aliyeingia mlangoni, bali ni mafunzo kukatika. Ushahidi wetu mkubwa tutautoa India yenyewe, kwa sababu wale wanaoitaja India katika mabishano haya aghalabu hawaijui.

HOJA YA WAPINZANI WETU

Ni haki kuieleza hoja ya mwenzio kwa nguvu zake zote kabla ya kuijibu. Wapinzani wa tabla husema hivi: Enzi ya ukoloni ilizidharau ala zetu. Makanisa mengi yaliifungia ngoma mlango, shule zikafundisha nyimbo za Ulaya, na mtoto aliyejua kupiga umuduri akaonekana mshamba. Sasa tumeanza kuziinua ala hizo. Mwaka 2024 UNESCO iliingiza Intore ya Rwanda katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Je, ni wakati huu tuziletee ala zetu mashindano mapya? Nyuma ya tabla kuna nchi kubwa, kuna sinema, kuna biashara. Nyuma ya inanga kuna wazee wachache. Mcheza kwao hutuzwa, na asiyecheza kwao atatuzwa na nani?

Hoja hii ina uchungu wa kweli, na sisi tunaushiriki uchungu huo. Kosa lake ni moja tu, lakini ni kosa la msingi: inadhani kwamba Wahindi walizilinda ala zao kwa kuwafungia wageni nje. Sivyo ilivyokuwa.

ALA ZA INDIA ZILITOKA WAPI?

Tuanze na sitar, ambayo kwa watu wengi ndiyo picha yenyewe ya muziki wa India. Jina lake ni la Kiajemi, na maana yake ni "nyuzi tatu". Mafundi wa India waliongeza nyuzi za kupigwa, wakaongeza na nyuzi nyingine chini yake zisizoguswa na kidole, ambazo huitikia zenyewe zinapolia za juu. Sarod nayo ni mtoto wa rababu ya Waafghani. Huko India iliondolewa ubao wa vidole wa mti ikapewa wa chuma, ikavuliwa nyuzi za utumbo ikavishwa za madini, hata sauti yake ikawa haifanani tena na ya mzazi wake.

Shehnai, ambayo Bismillah Khan aliipiga katika Ngome Nyekundu ya Delhi India ilipopata uhuru mwaka 1947, ni ndugu wa karibu wa zumari letu la pwani. Zote mbili ni za ukoo mmoja wa filimbi zenye vilimi viwili vya tete, ukoo ulioenea kutoka Uajemi na Uarabuni kwenda mashariki na kusini. Na santuri? Sisi walimu tunalijua neno hili kwa maana ya chombo cha kupigia sahani za muziki, lakini asili yake ni jina la ala ya nyuzi nyingi zinazogongwa kwa vijiti. Ala hiyo ilikuwako Kashmir, ikitumika katika nyimbo za dini za huko. Shivkumar Sharma alipoileta mbele ya wapenzi wa muziki wa raga huko Bombay mwaka 1955, wako waliomwambia kwamba haifai, kwa kuwa haiwezi kuteleza kutoka sauti moja hadi nyingine. Hakubishana nao sana. Alibadili upangaji wa nyuzi, akafanya mazoezi, akapiga. Alipofariki mwaka 2022, hakuna aliyethubutu kusema kwamba santuri si ala ya raga.

Mfano ulio wazi kupita yote ni fidla. Fidla ni ya Ulaya. Hilo halina ubishi. Baluswami Dikshitar, aliyezaliwa mwaka 1786, alijifunza kuipiga kwa wanamuziki wa Kizungu huko Madras, kisha akaiingiza katika muziki wa India ya kusini. Leo mwimbaji wa kusini haketi jukwaani bila mpiga fidla kando yake. Lakini tazama wanavyoipiga! Mpigaji huketi sakafuni, akakunja miguu, kichwa cha fidla kikaegemea kifundo cha mguu na mwili wake ukaegemea kifua, ili mkono wa kushoto uwe huru kuteleza juu na chini ya uzi. Nyuzi zenyewe hazifungwi kwa sauti za Ulaya. Mgeni alipokewa, akaambiwa: "Karibu, lakini hapa kwetu tunaketi chini."

Huo ndio ulinzi wa utamaduni. Mlinzi hasimami mlangoni na rungu. Huketi ndani akifundisha.

MARUFUKU YA MIAKA 31

Watatuambia kwamba tumechagua mifano inayotupendeza. Haya, tuchukue mfano unaowapendeza wao, ambapo India yenyewe ilijaribu kufukuza ala.

Kinanda cha mvukuto, kiitwacho harmoniamu, kilibuniwa Paris na Alexandre Debain katika miaka ya 1840. Kilipofika India kilikuwa kama meza, kikivukutwa kwa miguu. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 mafundi wa Calcutta, akiwamo Dwarkanath Ghose, walikikata miguu, wakauweka mvukuto nyuma yake, mkono wa kushoto ukawa wa kuvukuta na wa kulia wa kupiga. Kikawa kinanda cha mtu aketiye mkekani. Kikaenea upesi majumbani, mahekaluni na katika maigizo.

Hapo upinzani ukazuka, na hatuna budi kukiri kwamba haukuwa wa kipumbavu. Muziki wa raga huishi katikati ya sauti. Mwimbaji huvuta koo lake kutoka sauti hii hadi ile bila kuruka, kama mtu anayeteremka kilima badala ya ngazi. Kinanda kina ngazi tu. Vitufe vyake ni 12 kwa kila duara la sauti, vimefungwa kiwandani, wala havipindi. Rabindranath Tagore mwenyewe hakukipenda. Naye Mwingereza John Foulds, aliyeongoza muziki wa Kizungu katika Redio ya India huko Delhi kuanzia mwaka 1937, aliandika kukishutumu vikali. Hapa na tutue kidogo, wasomaji. Miongoni mwa watu waliopiga kelele zaidi kwamba kinanda hiki si cha Kihindi walikuwamo Wazungu. Mtawala alikuwa amemletea mtawaliwa kinanda. Sasa akawa anamwamulia pia kipi ni asili yake na kipi si asili yake. Atakayetuambia kwamba kupalilia "asili tupu" ndiyo njia ya kujikomboa na ukoloni, na alifikirie jambo hilo.

Mwezi wa Machi 1940 Redio ya India ilikipiga marufuku kinanda cha mvukuto. Uhuru ulipokuja mwaka 1947 marufuku hayakuondoka. Yalidumu mpaka 1971, nayo hata hapo yalilegezwa kwa sehemu tu. Hiyo ni miaka 31. Redio ya taifa, yenye uwezo wa kumjenga mwimbaji au kumzika, ilikaa miaka 31 ikikikataa kinanda kimoja.

Matokeo yake ni nini? Nje ya studio, waimbaji waliendelea kusindikizwa nacho. Wanafunzi waliendelea kujifunza sauti kwacho. Leo mwimbaji wa mtindo wa khayal huko kaskazini aghalabu huketi na mpiga tabla upande mmoja na mpiga kinanda hicho upande wa pili. Marufuku yalishindwa.

Lakini wapinzani wetu watauliza swali zuri zaidi: je, sarangi iliokoka? Sarangi ni ala ya kusuguliwa kwa upinde, yenye sauti inayokaribia mno koo la binadamu, na ndiyo iliyokuwa ikiwasindikiza waimbaji kabla ya kinanda. Ikiwa marufuku yaliwekwa ili kuzilinda ala za namna hiyo, basi sarangi ingestawi katika miaka hiyo 31. Haikustawi. Hata redio ilipoipa nafasi, wana wa ukoo wa wapiga sarangi waliendelea kuiacha, kwa sababu kuipiga ni kugumu na heshima ya mpigaji ilikuwa ndogo. Aliyeiinua ni mtu, si amri. Ram Narayan, aliyefariki mwaka 2024, aliwahi kuajiriwa redioni kusindikiza waimbaji. Akachoka kukaa nyuma, akaenda Bombay, na kuanzia miaka ya 1950 akaipandisha sarangi jukwaani ikasimama peke yake. Akafundisha wengine. Hiyo ndiyo hesabu ya mwisho: amri ya miaka 31 haikuiokoa ala, kazi ya mtu mmoja aliyejua na kufundisha iliipa uhai.

Mabishano hayo hayajakwisha. Mwaka 2022 uongozi wa kidini wa Masingasinga huko Amritsar ulitaka kinanda hicho kiondolewe hatua kwa hatua katika Hekalu la Dhahabu, ili ala za nyuzi za mababu zirejee. Sisi si wa kuwaamulia ibada yao. Twasema tu kwamba nyuzi hizo zitarejea kwa wingi wa vijana watakaofunzwa kuzipiga, wala si kwa wingi wa vinanda vitakavyotolewa nje.

NA HUKU KWETU RUSIZI

Sasa turudi nyumbani. Mji wa Kamembe unatazamana na Bukavu. Katikati yapita maji ya Mto Rusizi yakitoka Ziwa Kivu kwenda Tanganyika. Kusini, katika tambarare ya Bugarama penye mashamba ya mpunga, nchi tatu zakutana. Watu wa kisiwa cha Nkombo husema lugha iliyo ndugu ya zile za ng'ambo ya ziwa. Katika wilaya kama hii, mtu anayetafuta kitu kisichowahi kuvuka mpaka atatafuta mpaka jua litue.

Chukueni ikembe, ile ala ya kibao chenye ndimi za chuma zinazobonyezwa kwa vidole gumba. Mnyarwanda gani leo ataiita ya kigeni? Imo katika hadithi, imo katika nyimbo za wachungaji na wasafiri. Lakini wataalamu wa muziki wanaeleza kwamba asili yake ni Kongo, na kwamba ilisambaa mikononi mwa wapagazi na vibarua mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, ikaingia Rwanda kutoka magharibi, yaani kwa upande wetu huu. Umri wake katika nchi hii haupiti sana umri wa kinanda cha mvukuto katika taarabu. Kama mwaka ndio kipimo, basi tuifukuze ikembe pia. Nani atakubali?

Nacho Kiswahili chenyewe kilikuja kwa njia hizo hizo za biashara, askari na wasafiri, kikakaa Kamembe na Bugarama miaka mingi kabla ya Sheria ya mwaka 2017 kukifanya lugha rasmi ya nchi hii. Mwalimu wa Kiswahili katika Rwanda anayeikataa tabla kwa sababu ilitoka ng'ambo anakata tawi alilolikalia. Kesho atakuja mwingine na kipimo hicho hicho, aseme: "Na wewe je, na hiyo lugha yako?" Tutamjibu nini?

Kuhusu taarabu yenyewe, inatosha kumkumbuka Siti binti Saad. Mwaka 1928 alisafiri kutoka Unguja mpaka Bombay kunasa sauti yake katika sahani, naye alikuwa miongoni mwa wa kwanza Afrika Mashariki kufanya hivyo kwa Kiswahili. Shaaban Robert, ambaye sisi sote twamsomesha, aliona maisha ya mwanamke huyo yanastahili kuandikiwa wasifu. Hakuna mtu aliyesikia sahani zile akadhani Siti ameacha kuwa Mswahili kwa kuwa mashine ilikuwa Bombay. Baadaye, huko Mombasa, Juma Bhalo aliimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya sinema za Kihindi, na taishokoto, ala iliyobuniwa Nagoya nchini Japani mwaka 1912, ikapitia India na kufika pwani yetu. Mjapani aliitengeneza, Mhindi akaibadili jina, Mswahili akaimbia harusi. Maneno yalikuwa yetu, vina vyetu na mizani yetu. Ndipo ala ikawa yetu.

Yako mambo mazito zaidi ambayo hatutayapita kimya. Mwaka 1994 nchi hii ilipatwa na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na katika miaka iliyoyatangulia watu walifundishwa kwamba jirani yao ni mgeni aliyetoka mbali, arudishwe alikotoka. Hatulinganishi roho za watu na vipande vya mti na ngozi. Mungu apishe mbali. Lakini sisi ni walimu, na mtoto hajui kutenganisha somo na somo. Ukimzoesha kuuliza kila kitu "asili yako wapi?" kabla ya "wema wako nini?", unampa zana ambayo hutakuwapo siku atakayoitumia. Rwanda, kuliko nchi nyingi, yajua bei ya swali hilo.

KINACHOUA ALA

Kama si tabla, basi ni nini kinachoiua inanga? Tuseme ukweli.

Inanga ni ubao uliochongwa ukawa na tumbo kama chano, na uzi mmoja mrefu unaopitishwa huku na huku juu yake. Mpigaji huimba habari za mashujaa, ng'ombe na wafalme, na sauti yake na ya uzi huenda pamoja kama watu wawili wanaonong'onezana. Hakuna shule kubwa iliyoibeba ala hii karne zote hizo. Ilibebwa na mtu mmoja kumwonyesha mwingine. Sophie Nzayisenga, ambaye leo huipiga mbele ya mataifa, alifundishwa tangu utoto na baba yake, Kirusu. Ravi Shankar hali kadhalika: umahiri wake wa sitar aliupata kwa kukaa miaka kama 7 miguuni pa mwalimu wake, Allauddin Khan, katika mji mdogo wa Maihar. Njia ni moja. Mnyarwanda na Mhindi hawakushauriana, lakini wote wawili walijua kwamba ala hufundishwa uso kwa uso.

Njia hiyo ikikatwa, ala hufa. Cyprien Rugamba, mtunzi, mtafiti na mwanzilishi wa kikundi cha Amasimbi n'Amakombe, aliuawa tarehe 7 Aprili 1994 pamoja na mkewe na watoto wao 6. Ni wangapi wengine, wasiotajwa vitabuni, walioondoka na nyimbo zao kabla hawajampa mtu? Pengo hilo halikuletwa na Mhindi wala na kinanda chake, wala halitazibwa kwa kumfukuza.

Na yuko adui wa pili, mpole zaidi, ambaye wapinzani wetu humkaribisha sebuleni. Nendeni katika harusi nyingi za leo, nendeni hata katika sherehe za shule. Mtakuta kinanda cha umeme na vipaza sauti. Kitufe kimoja hutoa mdundo wa tabla, cha pili mdundo wa ngoma, cha tatu zeze, na hakuna mkono wa mtu unaopiga lolote. Taarabu ya kisasa, iliyoenea tangu miaka ya 1990, kwa sehemu kubwa imekwenda njia hiyo. Ajabu ni kwamba yule yule anayeikataa tabla iliyopigwa na vidole vya binadamu, aliyefanya mazoezi miaka, huikubali mashine hii bila kuiuliza pasipoti. Watasema kwamba kinanda cha umeme ni harmoniamu ya zama hizi, nasi twajipinga wenyewe. La. Umeme si kosa. Mtu akijifunza kinanda hicho kwa vidole vyake na sikio lake, akashika mdundo mwenyewe, twamkaribisha. Tunachokikataa ni mdundo usio na mpigaji, kwa sababu mdundo usio na mpigaji hauna mwanafunzi.

TUFANYE NINI?

Hatukuandika ili kulalamika tu. Twapendekeza mambo matatu, nayo hayahitaji kibali cha wizara.

Kwanza, tabla iingie darasani, na iingie katika kipindi cha ushairi. Wengi hawajui kwamba mwanafunzi wa tabla hufundishwa kusema kabla ya kupiga. Kila pigo lina silabi yake. Pigo la ngoma ndogo ya mti huitwa "na", la ngoma kubwa ya shaba huitwa "ge", na yakipigwa pamoja huitwa "dha". Mwanafunzi hukariri silabi hizo kwa mdomo, akipiga makofi, mpaka ulimi uzoee. Ndipo mkono hufuata. Mzunguko ulio mashuhuri kuliko yote, tintal, una mapigo 16. Na mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani ngapi? 16: nane za ukwapi na nane za utao. Hatusemi kwamba moja lilimzaa mwenzake. Twasema kwamba mwalimu aliyechoka kuwaona watoto wakihesabu mizani kwa vidole kama wanaohesabu deni, ana hapa dawa ya bure. Wasemeshe mapigo 16, kisha wasemeshe mshororo. Kadhalika waonyeshe lile doa jeusi juu ya ngozi ya tabla, la unga wa chuma na wanga. C. V. Raman, Mhindi aliyepata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1930, alikuwa ameeleza mwaka 1920 kwamba doa hilo ndilo linaloifanya ngoma itoe sauti zinazopatana kama za uzi. Kisha waulizeni watoto: na ishakwe, ile ngoma ndogo inayoongoza ngoma zetu, sauti yake ya juu inatoka wapi? Kwa njia hiyo tabla itakuwa imeifundisha ngoma yetu, badala ya kuishinda.

Pili, kila shule inayofundisha Kiswahili katika wilaya hii imtafute mpigaji mmoja aliye hai, awe wa inanga, ikembe, umuduri, iningiri, au dufu za Bugarama, aje mara kwa mara, si siku ya sherehe pekee. Na alipwe. Mkono mtupu haulambwi. Wazee hawa tumezoea kuwaita "hazina ya taifa", tukawapa soda moja na kuwarudisha kwao kwa miguu. Wanafunzi wawaulize maswali kwa Kinyarwanda, waandike majibu kwa Kiswahili. Hapo tutakuwa tumefundisha tafsiri, insha na historia kwa mpigo mmoja.

Tatu, katika maonyesho ya Kiswahili sheria iwe moja: ala yoyote inaruhusiwa, ya bara au ya pwani, ya Bombay au ya Bukavu, mradi inapigwa na mwanafunzi aliyejifunza. Kipaza sauti kitumike kwa hotuba. Sheria hii itawapa wapinzani wetu wanachokitaka kweli, kwa kuwa mtoto wa Kamembe atapata mwalimu wa ikembe upesi kuliko mwalimu wa tabla. Ala za nyumbani zitajaa jukwaani zenyewe, bila yeyote kufukuzwa.

Kabla hatujaweka kalamu chini, tumtaje tena Allauddin Khan wa Maihar. Mwanzoni mwa karne iliyopita, maradhi yalipoacha watoto yatima katika mji ule, aliwakusanya akawafundisha muziki, wakawa bendi. Yeye mwenyewe alipiga sarod, akapiga na fidla ya Wazungu. Miongoni mwa ala alizowatengenezea watoto wale ilikuwamo moja ya mabomba ya chuma yanayogongwa kwa vijiti. Mabomba yenyewe yalikuwa mitutu ya bunduki, iliyokatwa kwa urefu mbalimbali ili kila mmoja utoe sauti yake.

Wenzetu mnaouliza ala ilitoka wapi, tuelezeni: ile ilitoka wapi? Ilitoka kiwanda cha silaha. Mwalimu hakuitupa kwa asili yake, wala hakuiabudu. Aliikata, akaipima, akampa yatima kijiti mkononi.

Walimu wa Rusizi, kazi yetu ni hiyo. Tuifanye.